Kiongozi wa Okestra: Habari za Arturo Toscanini

1. Mtu asiyetoa sauti

Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani yako majumba yaliyojengwa kwa ajili ya kusikiliza muziki tu. Usiku wa muziki watu 2,000 au zaidi huketi kimya, macho yao yakielekea mbele, mahali walipoketi wapiga ala wapatao 80 au 100. Kundi hilo huitwa okestra. Walio wengi katika kundi hupiga fidla, ndogo na kubwa. Nyuma yao huketi wapiga filimbi na zumari, kisha wenye baragumu na tarumbeta, na mwisho kabisa wenye ngoma na matoazi. Mbele yao wote husimama mtu mmoja juu ya jukwaa dogo, amewapa wasikilizaji mgongo, naye ameshika kijiti chembamba. Mtu huyo hana ala yo yote. Muziki ukiendelea kwa saa mbili, yeye hapigi hata nota moja. Walakini jina lake ndilo liandikwalo kwa herufi kubwa katika tangazo la mlangoni, na muziki ukienda vibaya yeye ndiye alaumiwaye kwanza.

Mtu akiona jambo hili mara ya kwanza huenda akauliza: Je, huyu anafanya kazi gani? Kila mpiga ala amewekewa karatasi ya nota zake, tena ni fundi wa kazi yake. Mbona wasipige wenyewe? Swali hili lina majibu matatu.

Jibu la kwanza ni habari ya sauti. Sauti huenda upesi, lakini si upesi kama nuru. Katika hewa huenda kiasi cha meta 340 kwa sekunde. Mpiga tarumbeta akiwa ameketi meta 17 mbali na fidla za mbele, sauti ya fidla humfikia baada ya sehemu moja katika 20 ya sekunde. Muda huo ni mdogo, lakini katika muziki wa haraka sikio huutambua. Akingoja kusikia ndipo apige, amekwisha chelewa. Na sauti yake ikirudi huko mbele huwa imechelewa mara mbili. Jicho halina taabu hiyo. Wote wakitazama kijiti kimoja, wote hupiga kwa pamoja.

Jibu la pili ni kwamba kila mpiga ala ana karatasi ya sehemu yake tu, wala haoni humo wenzake wanapiga nini. Tena wako wanaokaa muda mrefu bila kupiga, huku wakihesabu mapigo. Katika simfoni ya 9 ya Dvořák, utungo mkubwa wa okestra uchukuao kama dakika 40, matoazi hulia mara moja tu, nayo ni katika sehemu ya mwisho. Mwenye matoazi akikosea hesabu, nafasi yake imepita wala hairudi. Kiongozi peke yake ndiye mwenye kitabu cha sehemu zote, zimepangwa juu na chini katika ukurasa mmoja, pengine mistari 20 au zaidi, naye huisoma yote kwa wakati mmoja. Wakati wa mtu kuingia ukikaribia, kiongozi humtazama na kumwita kwa mkono.

Jibu la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Nota huonyesha sauti ipi ipigwe na kwa muda gani, na mahali pa kuongeza nguvu au kuipunguza. Lakini nguvu kiasi gani? Upesi kiasi gani? Ala ipi isikike juu ya nyingine? Watu 100 wana mawazo 100, na muziki mmoja hauwezi kufuata mawazo 100. Lazima awepo mmoja wa kuamua. Kuamua huku hufanyika zaidi katika siku za mazoezi kuliko usiku wa watu. Huko mazoezini kiongozi husimamisha muziki, hueleza, hurudia, husikiliza fidla peke yake, kisha tarumbeta peke yake, mpaka kila mmoja ajue mahali pake katika kazi ya wote.

2. Kijiti na mikono

Zamani okestra zilikuwa ndogo, na mpiga fidla wa kwanza au mpiga kinanda aliweza kuziongoza huku akipiga ala yake. Pengine kiongozi alipiga mapigo kwa fimbo nzito sakafuni. Ndivyo alivyofanya Jean-Baptiste Lully, mkuu wa muziki wa Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa. Mwezi wa Januari 1687, alipokuwa akiongoza muziki wa kushukuru kwa sababu mfalme amepona ugonjwa, alijipiga mguu kwa fimbo yake. Jeraha likaoza, naye hakukubali kukatwa. Akafa mwezi wa Machi mwaka ule ule. Katika karne ya 19 okestra zilipokuwa kubwa zaidi, viongozi kama Felix Mendelssohn katika mji wa Leipzig walizoeza watu kijiti chepesi, kisicho na sauti wala hatari.

Mkono wa kulia hushika kijiti na kuonyesha mapigo. Muziki ukiwa wa mapigo mawili, kijiti hushuka, kisha hupanda. Ukiwa wa matatu, hushuka, huenda kulia, kisha hupanda. Ukiwa wa manne, hushuka, huenda kushoto, huenda kulia, kisha hupanda. Pigo la kwanza siku zote ni la kushuka, hata aliyepotea katika hesabu aone mahali pa kuanzia tena. Mkono wa kushoto huonyesha mambo mengine: huyu aingie, yule apunguze sauti, hawa waivute nota kidogo. Tena kabla ya pigo la kwanza kabisa kiongozi huinua kijiti kama mtu avutaye pumzi. Katika kuinua huko wapiga ala hujua muziki utakwenda kwa mwendo gani, kabla sauti yo yote haijasikika.

Mambo haya ya mikono mtu mwerevu aweza kujifunza kwa muda mfupi. Yaliyo magumu hayamo mikononi. Habari za mtu mmoja zitayaonyesha vizuri.

3. Mwana wa mshonaji

Arturo Toscanini alizaliwa tarehe 25 Machi 1867 katika mji wa Parma, nchi ya Italia. Baba yake alikuwa mshonaji wa nguo, aliyekuwa zamani askari wa Garibaldi katika vita vya kuiunganisha Italia. Nyumbani hapakuwa na mali. Mwaka 1876, alipokuwa na umri wa miaka 9, mtoto akaingia katika chuo cha muziki cha Parma, akafundishwa kupiga selo, nayo ni fidla kubwa ishikwayo kati ya magoti. Alikaa chuoni miaka 9, akamaliza mwaka 1885 kwa sifa kubwa.

Alikuwa na kasoro moja: macho yake hayakuona vizuri. Kitabu kilichowekwa mbele ya kiongozi hakuweza kukisoma ila kwa kuinama karibu sana, na mtu aliyeinama hivyo hawezi kuwatazama watu wake. Kasoro hii ingaliweza kumzuia kabisa. Walakini alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, naye aliizoeza kwa bidii. Alisoma vitabu vya nota kama watu wengine wasomavyo hadithi, hata akaweka moyoni sehemu za ala zote. Hivyo udhaifu wa macho ukamsukuma kujua kazi yake kuliko wale wenye macho mazuri.

4. Usiku mmoja katika Rio de Janeiro

Mwaka 1886 Toscanini alipata kazi katika kundi la waimbaji wa opera waliokuwa wakisafiri kwenda Brazili. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa, na okestra huketi mbele ya jukwaa. Yeye aliajiriwa kupiga selo na kusaidia kuwafundisha wanakwaya. Alikuwa kijana wa miaka 19.

Walipokuwa Rio de Janeiro pakatokea ugomvi baina ya waimbaji na kiongozi wa okestra, aliyekuwa mtu wa Brazili. Kiongozi akaacha kazi. Watu wa mji wakaona ya kuwa mwenzao ameonewa na wageni, na jioni ya tarehe 30 Juni 1886 wakaja ukumbini wamejaa hasira. Usiku huo ilikuwa iimbwe Aida, opera ya Giuseppe Verdi, ambayo iliimbwa mara ya kwanza Cairo, Misri, mwaka 1871. Waliojaribu kusimama mahali pa kiongozi walipigiwa kelele na mbinja hata wakaondoka. Waimbaji walikuwa wamekwisha vaa nguo zao, nao wakashikwa na hofu. Walikuwa mbali na kwao, ng'ambo ya bahari kuu, na kundi lisiloimba halipati fedha.

Ndipo wenzake wakamkumbuka yule kijana wa selo. Walijua ya kuwa ameiweka Aida moyoni, nota kwa nota. Wakamsihi. Toscanini hakuwa ameongoza okestra ya opera mbele ya watu hata siku moja. Akaiweka selo yake chini, akapanda mahali pa kiongozi, akainua kijiti. Watu waliokuwa wakipiga kelele wakastaajabu kumwona kijana mgeni, wakanyamaza kidogo. Katika kimya kile muziki ukaanza. Aliongoza opera nzima, sehemu zake nne, bila kutazama kitabu. Mwisho wa usiku wale wale waliokuja kwa hasira wakamshangilia, naye akaongoza kundi mpaka mwisho wa msimu.

Watu wengi husema ya kuwa bahati ilimjia. Ni kweli nafasi ilimjia ghafula. Lakini nafasi ile ingalimpita, kama asingalikuwa amejifunza kitabu chote kabla mtu hajamwagiza.

5. Kurudi kitini

Aliporudi Italia alipewa kuongoza opera katika mji wa Turin, mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Huenda mtu akadhani ya kuwa tangu hapo hakugusa selo tena. Sivyo. Verdi, mzee wa miaka 73, alikuwa amemaliza opera yake mpya, Otello, nayo ilikuwa iimbwe mara ya kwanza katika jumba la La Scala, mji wa Milan, tarehe 5 Februari 1887. Toscanini alitaka kuona kwa karibu jinsi bwana huyo anavyofanya kazi. Basi akakubali kuketi katika okestra ile miongoni mwa wapiga selo, chini ya kijiti cha mtu mwingine. Aliyekwisha kuongoza alirudi kuongozwa, ili ajifunze.

Baada ya hapo alifanya kazi miaka mingi katika majumba makubwa na madogo ya Italia. Mwaka 1896 katika Turin aliongoza La Bohème ya Giacomo Puccini ilipoimbwa mara ya kwanza. Mwaka 1898, akiwa na miaka 31, akawekwa kuwa kiongozi mkuu wa La Scala yenyewe.

Njia kama hii wengi wameipita hata leo. Anayetaka kazi hii kwanza hujifunza ala moja mpaka aimudu. Kisha hujifunza kusoma vitabu vya sehemu zote, na jinsi kila ala itoavyo sauti, na pumzi ya mwimbaji inapoishia. Hukaa miaka akiwa msaidizi, akizoeza kwaya au kupiga kinanda katika mazoezi ya waimbaji. Mara nyingi nafasi yake ya kwanza huja mkubwa wake anapougua. Zamani watu walidhani ya kuwa kazi hii ni ya wanaume tu. Lakini mwaka 1930 Antonia Brico, mwanamke aliyelelewa Marekani, aliiongoza okestra mashuhuri ya Berlin, na tangu mwaka 2007 mpaka 2021 Marin Alsop alikuwa kiongozi mkuu wa okestra ya Baltimore. Kijiti hakiulizi kimeshikwa na nani; chauliza kama mwenye kukishika anajua.

6. Mtumishi wa kitabu

Siku zile waimbaji mashuhuri walikuwa na desturi ya kubadili nota wapendavyo ili wasifiwe, na watu wakipendezwa walidai wimbo urudiwe katikati ya mchezo. Toscanini alichukia mambo haya. Neno lake lilikuwa moja: muziki upigwe kama mtungaji alivyouandika. Mwaka 1903 katika La Scala watu walipiga kelele wakitaka mwimbaji arudie wimbo wake. Toscanini akashuka, akatoka jumbani, akaondoka katika kazi ile kubwa, asirudi mpaka mwaka 1906.

Ijapokuwa aliamuru watu 100, alijiona mtumishi wa mtungaji. Puccini alifariki mwaka 1924 kabla ya kumaliza opera yake ya mwisho, Turandot, na mtu mwingine akaitunga sehemu iliyobaki. Ilipoimbwa mara ya kwanza La Scala, tarehe 25 Aprili 1926, Toscanini alifika mahali kalamu ya Puccini ilipokoma, akaweka kijiti chini, akawaambia watu ya kuwa hapo ndipo bwana alipofia. Opera haikuendelea usiku ule. Sehemu iliyoongezwa ilisikika katika usiku uliofuata.

Walakini haifai kumsifu kwa kila jambo. Toscanini alikuwa na hasira kali. Katika mazoezi alivunja vijiti na kuwatukana wapiga ala waliokosea, nao walimwogopa. Wako viongozi wengine wakubwa waliopata muziki mzuri kwa upole. Wapiga ala walimvumilia kwa sababu waliona ya kuwa hajipendelei mwenyewe: alijilaumu kwa ukali ule ule aliowalaumu wengine.

7. Wimbo alioukataa

Tangu mwaka 1922 Italia ilitawaliwa na Benito Mussolini na chama chake cha Wafashisti. Hapo kwanza, mwaka 1919, Toscanini alikuwa amekubali jina lake liandikwe pamoja na la Mussolini katika uchaguzi wa Milan, nao walishindwa. Lakini alipoona nguvu na uonevu wa chama kile, akageuka kuwa mpinzani wake. Serikali ilitaka wimbo wa chama, uitwao Giovinezza, upigwe katika majumba ya muziki. Yeye alikataa.

Tarehe 14 Mei 1931 alikuwa aongoze muziki katika mji wa Bologna, kwa kumkumbuka marehemu Giuseppe Martucci, mtungaji. Wakubwa wa serikali walikuwa waje, akaagizwa aanze kwa wimbo wa chama. Akajibu ya kuwa huo ni usiku wa kumkumbuka marehemu, hataupiga. Aliposhuka garini mlangoni, vijana wa chama wakamzunguka, wakamwuliza tena. Akakataa. Wakampiga makofi usoni, naye alikuwa mzee wa miaka 64. Muziki ukavunjika. Usiku ule wakaja chini ya madirisha ya hoteli yake wakipiga kelele, ikambidi kuondoka kwenda Milan kabla ya mapambazuko. Serikali ikamnyang'anya hati yake ya kusafiria kwa muda. Tangu siku ile hakuongoza tena katika Italia mpaka utawala ule ulipoanguka.

Yafaa kufahamu jambo lililokuwako hapa. Wimbo ule ulikuwa mfupi. Angaliweza kuupiga, kisha akaendelea na kazi yake kwa amani na heshima, kama wengine walivyofanya. Lakini kijiti kikitii kila amri, hakiongozi tena. Huongozwa na mwenye nguvu aliye nje ya ukumbi.

Mwaka 1933 Hitler alipopata utawala katika Ujerumani na kuanza kuwafukuza wanamuziki Wayahudi kazini, Toscanini alikataa kwenda kuongoza katika sikukuu ya muziki ya Bayreuth, ijapokuwa aliipenda mno. Mpiga fidla Bronisław Huberman alikusanya Wayahudi waliofukuzwa kazini huko Ulaya, akafanya okestra mpya katika Palestina. Toscanini akaenda kuiongoza katika muziki wake wa kwanza, mjini Tel Aviv, tarehe 26 Desemba 1936, wala hakukubali mshahara.

8. Siku za mwisho

Toscanini alikuwa amefanya kazi New York miaka mingi, katika jumba la Metropolitan Opera tangu 1908 mpaka 1915, na baadaye kwa okestra ya New York Philharmonic mpaka 1936. Mwaka 1937, akiwa na miaka 70, umri ambao wengi hupumzika, shirika la redio liitwalo NBC liliunda okestra kwa ajili yake. Muziki wake ukasikika nyumbani mwa watu ambao hawakuwa na fedha ya kuingia katika jumba la muziki.

Katika vita kuu ya pili, mwezi wa Agosti 1943, mabomu yaliibomoa La Scala. Vita ilipokwisha watu wa Milan waliijenga upya, na tarehe 11 Mei 1946 ikafunguliwa. Aliyesimama mbele ya okestra alikuwa Toscanini, amerudi kwao akiwa na miaka 79.

Tarehe 4 Aprili 1954, katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, aliongoza mbele ya watu kwa mara ya mwisho. Alikuwa na miaka 87, na bado hakutumia kitabu. Katikati ya muziki wa Wagner kumbukumbu yake, iliyomtumikia tangu usiku ule wa Rio de Janeiro, ikamtoka. Mkono wake ukalegea, na muziki ukayumba. Lakini wapiga ala hawakumwacha. Wakashikana wenyewe kwa wenyewe, wakaendelea, mpaka yeye akapata njia tena. Mafundisho yake yote yalikuwa yamekwisha kuwaingia, na sasa wanafunzi wakambeba mwalimu. Kisha alishuka jukwaani, asirudi tena mbele ya watu. Alikufa New York tarehe 16 Januari 1957, akazikwa Milan.

Hiyo ndiyo kazi ya kiongozi wa okestra. Hana ala, na sauti zote ni za watu wengine. Mamlaka yake hayatoki katika kijiti, kwa maana kijiti ni mti mwepesi tu. Yatoka katika kujua kazi kuliko wote, katika kuitumikia kwa uaminifu, na katika kukataa inapopasa kukataa.

MASWALI

1. Kwa nini wapiga ala wa nyuma hawawezi kufuata kwa kusikia tu?
2. Pigo la kwanza la kijiti huelekea wapi siku zote, na kwa sababu gani?
3. Udhaifu wa macho ulimsaidiaje Toscanini?
4. Toscanini alikuwa amekwisha kuongoza opera. Mbona alikubali kupiga selo tena mwaka 1887?
5. Eleza yaliyotokea Bologna mwaka 1931. Je, wewe waonaje: alifanya vema kuukataa wimbo ule? Toa sababu zako.
6. Eleza maana ya maneno haya: "wanafunzi wakambeba mwalimu."